Dereva Asiyedaiwa

Tanzania bima hupima gari. Ukienda kukata bima kubwa, wakala anataka kujua gari ni la mwaka gani, lina thamani gani, ni la kutembelea au la biashara. Anapiga asilimia tatu na nusu ya thamani hiyo, anaongeza kodi, mnamalizana. Bima ndogo ya gari binafsi, wakati naondoka, ilikuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT, bei ileile kwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa muuza mitumba na kwa mheshimiwa mbunge. Sikuwahi kusikia mtu akiulizwa pale kaunta kama anadaiwa na Saccos au kama amechelewesha kodi ya nyumba. Angeulizwa ya nini? Kinachokatiwa bima ni gari.

Mimi nilikuwa dereva wa kazi. Niliendesha Land Cruiser ya mradi wa afya kutoka Iringa hadi Makete na Ludewa, njia ambazo masika yakishika hata trekta hulala njiani. Mlima Kitonga nimeupanda na kuushuka mchana na usiku, malori ya Tunduma yakinipumulia mgongoni. Faili langu pale ofisini halikuwa na ajali hata moja, na wakubwa wakija kutoka Dar es Salaam walikuwa wakiomba wapelekwe na mimi. Hiyo ilikuwa heshima yangu ya kwanza. Ya pili ni kwamba sikuwa na deni la mtu. Nyumba niliijenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka kesho kozi chache za tofali, bati zikaja baada ya mavuno mazuri ya mahindi. Daftari la madeni la mangi, mwenye duka pale mtaani, lilijaa majina ya jirani zangu. Langu halikuwemo.

Nilipopata viza kwa ile bahati nasibu ya Marekani na kuhamia Houston, Texas, nilibeba heshima zote mbili. Ya kwanza haikupata pa kuandikwa. Ya pili ikanigharimu.

Houston bila gari ni kifungo cha nje. Mabasi yapo, lakini mji umetandazwa mno, na kazi niliyoipata ilikuwa ya usiku, ghalani, upande wa uwanja wa ndege wa kaskazini, ilhali chumba nilipanga kusini-magharibi, karibu na barabara ya Bissonnet, waliko Waafrika wenzangu. Leseni ya Tanzania haibadilishwi Texas. Nikakaa kwenye mtihani pamoja na vijana wa sekondari, nikafaulu. Nikanunua Corolla iliyokwishatumika, nikalipa taslimu, pesa za kudunduliza. Ikabaki bima, kwa maana sheria ya Texas haikuruhusu uingie barabarani bila angalau kile wanachokiita kwa namba tatu, 30/60/25: dola 30,000 kwa kila mtu utakayemuumiza, dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, dola 25,000 kwa mali za watu. Hiyo ndiyo bima ndogo yao. Mimi nilitaka kubwa, kwa sababu gari lile lilikuwa akiba yangu yote.

Wakala alikuwa kijana mwenye asili ya Mexico, mstaarabu, ofisi yake imebanwa kati ya saluni ya kucha na bucha. Aliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa ninaokaa, ninaoishi nao, na namba yangu ya hifadhi ya jamii. Nikasubiri aulize nimeendesha wapi. Hakuuliza. Nikamweleza mwenyewe habari za Kitonga, za matope ya Makete, za cheti nilichopewa na mradi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kompyuta haina pa kuyaandika hayo. Kisha akanigeuzia kioo nione bei ya miezi sita. Ilikaribia theluthi ya bei niliyonunulia gari.

Nikasema labda ni kwa sababu mimi mgeni. Akakubali nusu: leseni ni mpya, mtaa una ajali nyingi, mji unapigwa na mvua ya mawe na mafuriko. (Aliyekuwepo Houston Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipozamisha magari mtaa kwa mtaa, haulizi kwa nini kampuni za bima zinauogopa mji ule.) Lakini kuna jingine, akasema, akishusha sauti: krediti, yaani rekodi ya namna ninavyokopa na kulipa. "Unayo, ila bado changa."

Nililipa. Baada ya wiki mbili tatu ikaja bahasha nyembamba kutoka kwa kampuni. Wengi wetu barua za namna ile huziweka juu ya friji zikakaa pale hadi zipauke. Mimi niliisoma neno kwa neno kwa kamusi. Ilisema kwamba sheria inaitaka kampuni inijulishe kuwa sikupewa bei yake nzuri kabisa, na kwamba sehemu ya sababu imetoka kwenye taarifa yangu ya mikopo. Zikafuata sababu zenyewe: akaunti yangu ya kwanza imefunguliwa muda mfupi uliopita, akaunti zangu ni chache, salio la kadi liko karibu na kikomo. Chini kabisa kulikuwa na anwani ya kampuni iliyotoa taarifa na maelezo kwamba nina siku 60 za kuomba nakala yake bure. Hapakuwa na sababu hata moja iliyogusa usukani, breki, wala taa nyekundu.

Barua hiyo ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Chattanooga, Tennessee, muuza duka aitwaye Cator Woolford alianza kukusanya habari za wateja wa maduka ya vyakula: nani analipa, nani anazungusha. Mwaka 1899 yeye na mdogo wake Guy wakafungua kampuni Atlanta, Retail Credit Company, wakawa wanauza kitabu chenye majina ya watu na alama pembeni. Huyu hulipa upesi. Huyu mzito. Huyu auziwe kwa taslimu. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu: ni daftari la mangi, isipokuwa mangi ameliuza kwa mamangi wengine wote, na mwenye jina haruhusiwi kuliona.

Muda si mrefu wateja wakubwa wa kampuni ile wakawa si wenye maduka bali kampuni za bima. Zilitaka kujua zaidi ya madeni. Wapelelezi wake walipita kwa majirani kuuliza kama fulani analewa, kama ana ugomvi na mkewe, kama nyumba yake ni safi. Umbea ukapigwa chapa na kuuzwa, mpaka Bunge la Marekani likaingilia kati na mwaka 1970 kupitisha sheria ya taarifa za mikopo, ileile iliyonipatia haki ya ile barua. Sheria ile haikuzikataza bima kulitazama daftari. Iliziruhusu waziwazi, kwa sharti kwamba aliyetazamwa ajulishwe pale anapoumia. Miaka mitano baadaye kampuni ya akina Woolford ilibadili jina ikaitwa Equifax, na mwaka 2017 wezi wa mtandaoni wakaiibia habari za watu karibu milioni 147.

Upande wa hesabu ulikuja kwa njia nyingine. Bill Fair, mhandisi, na Earl Isaac, mwanahisabati, walianzisha kampuni yao California mwaka 1956, wakiamini kwamba mashine inaweza kutabiri vizuri zaidi nani atalipa deni kuliko meneja wa benki anayemkazia mtu macho. Alama za FICO ambazo kila mhamiaji anazisikia wiki yake ya kwanza, kati ya 300 na 850, zilianza mwaka 1989. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatengenezwa nyingine kwa ajili ya bima peke yake. Hiyo ya bima haimtabiri mlipaji wa deni. Inatabiri nani atakuja kudai fidia. Ila chakula chake ni kilekile: asilimia 40 ni kama unalipa kwa wakati, 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni umri wa akaunti zako, 10 ni mikopo mipya unayoomba, 5 ni aina za mikopo uliyo nayo. Mshahara haumo. Rangi haimo. Upatu wetu wa kila mwezi, ambao tangu nijiunge sijawahi kuchelewesha hata mara moja, haumo pia. Wala kodi ya chumba, kwa kuwa mwenye nyumba wangu hakuwa akiiripoti popote.

Kwa hiyo mtu aliyeishi bila deni haonekani kuwa mwema wala mbaya. Haonekani kabisa. Mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilikadiria kwamba watu wazima milioni 26 nchini humo hawana faili lolote la mikopo. Nilidhani tutakuwa wageni watupu. Kumbe humo wamo wenyeji chungu nzima, maskini wa mitaa isiyo na benki, na vijana.

Nisiwaonee wenye kampuni. Hawakuota. Mwaka 2007 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilitoa ripoti ndefu kuhusu alama hizi katika bima ya magari, na ikakuta kwamba kweli zinatabiri: wenye alama za chini, kwa wingi wao, hudai fidia mara nyingi zaidi na hulipwa zaidi. Ripoti hiyohiyo ilikuta kwamba Wamarekani weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini wamejaa kupita kiasi kwenye ngazi za chini za alama. Sababu ya uhusiano wenyewe, yaani kwa nini kulipa kadi kwa wakati kuambatane na kutogonga, haikuthibitishwa.

Kampuni zina jibu lao: mtu mwangalifu na pesa ni mwangalifu na kila kitu. Sikubaliani nalo, na ushahidi wangu ni ghala nililofanyia kazi. Pale maegeshoni magari yalikuwa yakikwaruzana kila juma. Msimamizi wetu, mwenye akiba, alipokwaruzwa mlango alimpa fundi dola mia kadhaa mkononi, bima isisikie, bei yake isipande. Kijana wa zamu yetu, ambaye mshahara wake ulikuwa umekwisha kabla ya Ijumaa, alikwaruzwa vilevile akapiga simu kwa bima asubuhi ileile, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kupiga. Kwenye kompyuta mmoja amedai na mwingine hakudai. Nani alikuwa dereva bora? Kompyuta haijui, inajua nani alikuwa na dola mia kadhaa. Ninaamini sehemu kubwa ya kinachoitwa hatari hapo ni ukata tu, na ukata ukishaitwa hatari unaongezewa bei, na bei ikiongezeka unazidi.

Jarida la Consumer Reports lilipochambua bei za bima nchi nzima mwaka 2015, zaidi ya bilioni mbili, lilikuta jambo ambalo ningelisikia kijiweni ningesema mtu anatia chumvi. Katika jimbo la Florida, dereva asiye na kosa barabarani lakini mwenye krediti mbovu alitozwa kwa wastani dola 1,552 zaidi kwa mwaka kuliko dereva mwenye krediti nzuri sana aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuendesha amelewa. Mlevi anayelipa kadi kwa wakati ni mteja bora kuliko mcha Mungu aliyechelewesha bili. Nilimsomea habari hiyo mtoto wa shangazi yangu kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, njoo huku Lowell."

Lowell iko Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi na sisi Watanzania tukijibanza katikati yao. Massachusetts hairuhusu krediti kutumika kupanga bei ya bima ya gari. Hawaii pia. California ilifunga mlango huo kwa kura ya wananchi ya Novemba 1988, iliyoamuru bei itokane kwanza na rekodi ya uendeshaji, kisha maili unazoendesha kwa mwaka, kisha miaka yako ya uzoefu. Mtoto huyo wa shangazi yeye alikuwa na krediti mbaya kweli, si changa. Alikuwa amemdhamini mtu mkopo wa gari, mtu akahamia Ohio na gari. Ila kwenye bima ya Corolla yake jambo hilo halikuwa na nafasi. Siwezi kulinganisha bei zetu na kusema tofauti yote ni krediti. Lowell haina vimbunga vya Ghuba ya Mexico, na mimi sikai kwenye theluji. Nilichomwonea wivu ni kwamba bei yake ilimhusu yeye akiwa barabarani.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo hupenda kurukwa. Ukilitupa daftari, fidia hazipungui. Mzigo unahama mabega. Jimbo la Washington lilijaribu. Mwaka 2021 kamishna wa bima wa jimbo hilo, Mike Kreidler, alipiga marufuku matumizi ya krediti, na wa kwanza kupiga kelele walikuwa wazee, watu waliomaliza kulipa nyumba zao, ambao bei zao zilipanda bila wao kugusa gari la mtu. Mwaka uliofuata mahakama ikasema kamishna hana mamlaka hayo. Ningekuwa mstaafu wa Spokane kwenye jimbo hilo huenda nami ningepiga kelele. Hata hivyo ukiniuliza nani achukue sehemu kubwa ya mzigo, mwenye akiba au asiye nayo, sitakaa kikao.

Texas ilichagua katikati. Sheria yake ya 2003 inaruhusu krediti, lakini kampuni haiwezi kumkatalia mtu bima kwa sababu hiyo peke yake, na ina kifungu ambacho hata mawakala wengine hawakitaji mpaka waulizwe: mtu aliyeharibikiwa na krediti kwa ugonjwa mkubwa, kifo cha mwenzi, mzazi au mtoto, talaka, kupoteza kazi au kuibiwa utambulisho wake, anaweza kuomba afikiriwe kwa namna ya pekee.

Kifungu hicho nilikijua kwa sababu ya jirani. Ghorofa ya chini kwetu alikaa mama wa Kikongo, mkimbizi kutoka Bukavu, mpishi kwenye kituo cha wazee. Mumewe aliugua, akalazwa, akafariki, na miezi ile yote kadi zao mbili zilikaa bila kulipwa. Bima ya gari ilipofika mwisho wake bei ikaruka. Alinijia na karatasi mkononi, hasira imemkausha koo. "Hii deni haiko yangu, iko ya hospitali," alisema, "na gari miye njo nilikuwa naendesha, si yeye." Nikamwambia, Mama, kaa kwanza. Tukakaa mezani kwake tukaandika barua: tarehe za kulazwa, tarehe ya kifo, kadi zilivyokuwa zikilipwa kabla ya ugonjwa. Tukaambatanisha cheti cha kifo. Yeye aliona kama kuomba msamaha kwa kufiwa, na hakukosea sana. Nilimshauri tuondoe sentensi alizokuwa akiombea radhi, tubakize zinazodai. Kampuni ilikaa kimya muda mrefu, ikajibu kwa bei iliyopungua, si hadi ya zamani, lakini ya kulipika. Tangu hapo watu walianza kuja kwake na barua zao, si kwangu. Ana ukali ambao mimi sina.

Sababu ya barua za kampuni, kama ile yangu ya kwanza, kuwafikia hata wateja wapya ni kesi moja ya mwaka 2007, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wateja walizishtaki Safeco na GEICO kwamba ziliwapa bei ya kwanza kwa kutazama krediti bila kuwaarifu. Kampuni zilijitetea kwamba mtu huwezi kumpandishia bei ambayo hajawahi kuwa nayo. Mahakama ikakataa utetezi huo: bei ya kwanza nayo inaweza kuwa imepandishwa. Lakini ikaweka kipimo ambacho kinanikera mpaka leo. Kinacholinganishwa ni bei ambayo ungepewa kama krediti yako isingetazamwa kabisa. Ukiangukia hapo katikati, kampuni hailazimiki kukuandikia, hata kama jirani yako mwenye alama za juu analipa nusu yako. Walioshtaki hawakupata fidia. Sisi tuliokuja baadaye tukapata bahasha.

Ya kwangu ilinifundisha kazi ya kufanya, ambayo haina utamu wa kusimulia. Nilichukua kadi nyingine, ya dhamana: unaweka dola mia tatu zako benki, wanakupa kadi ya kukopa dola mia tatu, na hapo unakuwa umejikopesha mwenyewe na kulipa ili dunia ione. Nilinunulia mafuta ya gari tu, nikalipa kabla tarehe haijafika, nikahakikisha salio halivuki asilimia 30 ya kikomo. Nikaomba nakala za taarifa zangu zote, na kwenye moja nikakuta deni la simu la mtu wa Dallas mwenye jina linalofanana na langu. Sisi wenye majina ya mitume tuna tabu hiyo popote penye kompyuta. Niliandika kupinga, kwa sheria wana siku 30 za kuchunguza, na walilifuta. Uchunguzi wa ile Tume ya Biashara mwaka 2013 ulikuta watu watano katika kila mia wakiwa na makosa kwenye taarifa zao yanayoweza kuwafanya walipe zaidi kwa vitu kama mkopo wa gari na bima, kwa hiyo sikuwa peke yangu. Na bei za bima nikaziulizia kwa kampuni nyingi bila woga, maana kuulizia bima hakupunguzi alama kama kuomba mkopo kunavyopunguza. Kila kampuni ina mizani yake. Tofauti kati ya ya juu na ya chini, kwa mtu mmoja na gari moja, ilinishangaza kuliko krediti yenyewe.

Rafiki yangu wa Eldoret, tuliyekuwa tukipeana zamu ghalani, hakushangazwa na lolote katika haya. "Ndugu yangu, hiyo ni CRB ya wazungu," alisema, akimaanisha kampuni za Kenya zinazotunza orodha ya wadaiwa. Kwao mikopo ya simu ilianza kushika kasi na M-Shwari mwishoni mwa 2012, na miaka michache baadaye watu walikuwa wanaorodheshwa kwa madeni ya kununulia sukari, mpaka Benki Kuu ya Kenya mwaka 2020 ikasimamisha kuorodhesha madeni yasiyofika shilingi 1,000. Kijana anakosa kazi kwa sababu ya mia nane aliyokopa usiku. Kwa bima ya gari, Kenya nao bado wanaanza na thamani ya gari. Rafiki yangu haamini kama itabaki hivyo. Daftari likishakuwepo, anasema, kila mwenye duka atataka kulichungulia, na bima ni duka. Tanzania nako Benki Kuu imekwishaweka kanzidata yake ya wakopaji na kampuni za taarifa za mikopo zina leseni. Siku mtu wa bima atakapoomba ufunguo wa kanzidata hiyo, ningependa wabunge wawe wameshaulizana kama kuna barua itakayotumwa, na kama mwenye kulipa upatu wake vizuri ataonekana.

Krediti yangu ilikua. Bei ikashuka, msimu kwa msimu, ingawa niliendesha gari lilelile, njia ileile, kwa mikono ileile ya Kitonga. Mwaka jana kampuni mpya ikaniambia inaweza kuniacha nijithibitishe kwa uendeshaji wangu: nipakue programu kwenye simu, ipime ninavyofunga breki, mwendo wangu, na saa ninazokuwa barabarani. Nilifurahi. Hatimaye mtu ameuliza. Nikaendesha kwa adabu ya siku zile za kuwabeba wakubwa wa Dar es Salaam. Matokeo yalipotoka, breki zilipata alama karibu zote, mwendo vilevile, nikaanguka kwenye saa: programu huhesabu kuendesha kati ya saa sita usiku na alfajiri kuwa hatari, na zamu yangu inakwisha saa nane usiku. Nilipewa punguzo dogo. Wakala anasema litakuwa kubwa nikipata kazi ya mchana.